Ukiona yai, usifunge rejista

Jumanne iliyopita kijana wetu wa filidi, mwanafunzi anayejifunza kazi hapa maabara, alinijia mbio, meno yote nje. "Maalim, nimelipata!" Alikuwa ameona yai la mnyoo wa kichocho kwenye mkojo wa mzee wa miaka sitini na kitu. Rejista ameshajaza, saini ameshatia, fomu iko mkononi mwa mzee na mzee mwenyewe yuko mlangoni anatafuta makubadhi yake. Nikamwambia, mwite arudi. Akanitazama kama niliyemkatalia futari.

Siku hiyohiyo mwenziwe wa kike kaandika "hakuna kitu" juu ya mkojo uliotolewa saa moja na nusu asubuhi, ukakaa dirishani hadi adhuhuri, ukapigwa tone la juujuu bila kutikiswa. Miaka ishirini na zaidi niko nyuma ya darubini hapa Pemba, na makosa ni yaleyale. Kinachobadilika ni viatu vya wanaokosea. Basi nayaandika mara moja, mkija wengine nikupeni karatasi na mimi nipumzishe koo.

1. Mkojo wa kichocho ni wa saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Mtoto akimbie kidogo kwanza, halafu akojoe mpaka tone la mwisho, kwa sababu mayai mengi hutoka na tone hilo.

2. Tikisa! Mayai ni mazito, yanalala chini ya kikopo. Mililita 10 kwenye sirinji, sukuma polepole kwenye kichujio, kisha hesabu kichujio chote, si kona moja uliyoipenda. Yakifika 50 hayo ni maambukizo mazito, na idadi iandikwe. Kuandika alama za kujumlisha mbili tatu badala ya idadi waachieni wenye haraka.

Mimi nilipoanza kazi hatukuhitaji kufundishwa haya, tulifundishwa na wingi. Ukipanga vikopo vya watoto wa skuli juu ya meza, kwa rangi tu ungejua skuli ipi iko karibu na mto. Yai lenyewe na mwiba wake mmoja mkiani tulilijua kama tunavyojua karafuu. Kisha ikaja dawa ya kugawiwa skuli na mitaani kila mwaka, na kuanzia 2011 ukaongezwa ule mkazo wa kutaka kumaliza kabisa: vidonge, dawa ya kuulia konokono mabwawani, na mafunzo kwa watoto. Kichocho kimepungua sana, Alhamdulillahi. Ila kuna jambo sikulitarajia. Nyinyi sasa mnaweza kumaliza filidi nzima mkiwa mmeona mayai mara mbili. Kwa hiyo siku mkiyaona mnafurahi mno, na furaha ile inafunga kichwa. Mtu ameshapata jibu, atatafuta nini tena?

3. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia mkojo, ikionesha damu kwa mwanamke, uliza hedhi kabla hujaandika. Uliza kwa adabu, si kwa kupiga kelele dirishani.

4. Hili ndilo lililonikalisha kuandika, na litakuwa refu.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Nilijiona fundi. Kulikuwa na mvuvi mmoja, mtu wa makamo, sote tukimwita Ami ingawa hakuna aliyekuwa ndugu yake. Akija na shida yake hakosi kuja na changu wawili wametungwa kwenye ukili, anawatundika kwenye kitasa cha mlango wa maabara kisha anakaa benchini kusubiri kama watu wengine. Malalamiko yake yalikuwa mkojo wa damu. Haumi. Hana homa. Damu tu, siku ipo, siku haipo.

Mara ya kwanza nikachuja, nikaona mayai, nikaandika mayai ya kichocho yameonekana. Daktari akampa praziquantel, vidonge vya kuua mnyoo, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, akaenda zake. Kazi safi. Ningesahihisha mtihani huo leo ningejipa alama zote.

Baada ya miezi kama mitano akarudi na damu ileile. Nikachuja, mayai yapo. Nikasema moyoni, huyu kaingia tena majini. Sikumuuliza. Nasema tena, wanangu: sikumuuliza. Mtu anaishi ufukweni, anavua chumvini, na kichocho hakipatikani chumvini kwa sababu konokono wake ni wa maji baridi, wa mito na mabwawa na mabonde ya mpunga. Ningemuuliza mara ya mwisho kuoga mtoni ilikuwa lini, angenambia alipokuwa kijana, kabla hajahamia pwani. Hilo nilikuja kulijua kwa mwanawe, baada ya kuwa halina faida tena.

Mara ya tatu ndiyo inayoniamsha usiku. Nilimwona mlangoni na samaki wake, nikafungua rejista, nikaona majibu yangu mawili ya nyuma, na jibu la tatu likawa limeshaandikika kichwani kabla sijagusa sirinji. Nikachuja kwa desturi. Mayai yalikuwapo, machache, na karibu yote meusi. Meusi tii, kama punje za pilipili manga, hakuna kinachotikisika ndani. Nyinyi mmeshaambiwa maana yake, na mimi pia nilikuwa nimeshaambiwa: yai hai unaona kiluwiluwi chake ndani, wakati mwingine kinachezacheza, yai jeusi limekufa zamani, limeingia chokaa, na limetoka tu kwa sababu ukuta wa kibofu unabanduka. Yale hayakuwa maambukizo mapya. Zilikuwa habari za miaka mingi nyuma. Na ukuta unaobanduka, kuna kitu kinaubandua.

Pembeni ya mayai nikaona seli. Si zile bapa za kawaida tunazozizoea. Zilikuwa zimeshikana mafungu, viini vikubwa vyeusi, nyingine ndefu zenye mkia kama viluwiluwi vya chura. Nilizitazama. Nakumbuka nilisogeza slaidi mara mbili, nikarudi kuzitazama. Nikajiambia mimi si mtu wa saitolojia, ile kazi ya kusoma seli, nikiandika nitachekwa, na fomu imeomba mayai na mayai nimeyaona. Nikaandika "mayai ya kichocho yameonekana", nikawachukua wale changu, nikaenda nyumbani kula.

Alipewa vidonge tena.

Mara ya nne hakutembea, aliletwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe na wanawe wawili, mkojo umeziba kwa mabonge ya damu. Akavushwa Unguja, wakampiga ultrasaundi wakakuta uvimbe, akapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Walipomfikisha ulikuwa umeshapenya ukuta wa kibofu na kutoka nje. Masika hayakumalizika tukamzika. Nilikwenda maziko, nikashika jeneza pamoja na watu wengine, na watu wakaniambia ahsante kwa kumhudumia.

Baada ya arubaini mwanawe mkubwa akaja maabara. Hakuja kwa ugomvi. Kaka yule alitaka kufahamu tu. Akaniuliza, "Yale mayai uliyokuwa ukiyaona, ndiyo yaliyomuua baba?" Nikaanza kumwagia maneno makubwa, vihatarishi na mengineyo, mpaka nikajisikia mwenyewe. Akanisubiri nimalize. Akasema, "Kwa hiyo uliyaona mara tatu."

Sikuwa na la kumjibu, na leo pia sina. Ami alikuwa akivuta sigara tangu ujana, na sigara peke yake inatosha kuleta saratani ya kibofu. Hakuna darubini itakayonambia ni mnyoo, ni moshi, au ni vyote viwili. Hilo kweli silifahamu. Ninachokifahamu ni kwamba niliona kitu na sikukiandika.

5. Sasa mambo ya darasani, kwa sababu najua nusu yenu mlilala kipindi hiki. Mnyoo wa kike anakaa kwenye vishipa vya damu vya kibofu na anataga kila siku, miaka na miaka. Sehemu ya mayai hutoka na mkojo, mengine hukwama ukutani na hayana njia. Mwili hauwezi kuyatema, basi unayazingira kwa seli za ulinzi, unajenga kidonge kigumu, granuloma. Hiyo ndiyo inflamesheni sugu: vita visivyo na mshindi vinavyopiganwa ndani ya nyumba. Ukuta unachubuka, unajishona, unachubuka tena. Kila kujishona kunataka seli zigawanyike, na kila zinapogawanyika kuna nafasi ya kukosea kunakili DNA. Juu yake bakteria wanapata makao kwenye kibofu chenye makovu, wanageuza naitreti iliyomo kwenye mkojo ikawa naitrosamini, na hizo zinaharibu DNA. Utando wa ndani unabadilika, unakuwa wa seli bapa kama za ngozi. Ndiyo maana saratani ya kibofu inayofuata kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, wakati Ulaya na Marekani nyingi ni za ule utando wa kawaida wa njia ya mkojo.

Si habari mpya. Daktari Theodor Bilharz alimwona mnyoo huyu Cairo mwaka 1851, na mwaka 1911 palepale Cairo daktari mwingine, Ferguson, aliandika juu ya vibofu vyenye kichocho na saratani pamoja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilimtia mnyoo huyu, Schistosoma haematobium, kundi la kwanza mwaka 1994, kundi la mambo ambayo hayabishaniwi tena kuwa yanaleta saratani kwa binadamu. Na hayuko peke yake. Kwa saratani zilizogunduliwa duniani mwaka 2018, takriban 13 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa chanzo chake ni maambukizo: bakteria wa tumboni, virusi vya shingo ya kizazi, virusi vya ini.

Na muelewe hili kuhusu dawa. Praziquantel inaua mnyoo mkubwa. Haifuti kovu. Mtoto akitibiwa mapema ukuta unaweza kupona vizuri, lakini mtu wa miaka hamsini aliyekuwa na mayai ukutani tangu utotoni anabeba kibofu chenye historia, hata kama mnyoo wa mwisho alishakufa. Mtu mzima mwenye damu isiyouma, hata ukiona mayai, hata usipoyaona, anataka kutazamwa kibofu.

6. Wanawake. Kichocho hakikai kwenye kibofu tu, mayai hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Anatokwa damu akiguswa, anatokwa uchafu, anaumia tendo la ndoa, na mkojo wake ukiupima unaweza usione hata yai moja. Nimewaona wanaopewa dawa za magonjwa ya zinaa raundi tatu, na mume kule nyumbani ameshaanza kuuliza maswali. Dada mmoja aliniambia alikuwa karibu kuachwa. Muuguzi mzee aliyemtazama kwa spekulamu, chombo cha kufungulia uke, na taa nzuri aliona vidoa vya njano vyenye chenga kama mchanga, akauliza, mwanangu, utotoni mlikuwa mkifua wapi? Swali moja tu. Kwa hiyo fomu ikija na "uchafu haukomi", pigeni simu wodini muulize anatoka wapi. Na kipimo cha siki cha kutafuta saratani ya shingo ya kizazi kisirukwe kwa kuwa mmeshapata kichocho: anaweza kuwa navyo vyote viwili, HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, haimpishi mnyoo.

7. Upande wa pili, maana kuna wale waliosoma makala moja kwenye simu wakarudi kazini wanaona mdudu nyuma ya kila uvimbe. Mwaka jana nilikuwa na kijana hodari sana, mpaka leo nampenda, aliyeniambia saratani zote zina bakteria wake na siku moja tutazitibu kwa antibayotiki. Nikamsimulia habari za daktari Johannes Fibiger wa Copenhagen. Mwaka 1907 alikuta panya wenye vivimbe tumboni, na ndani ya vivimbe mna minyoo. Akafuatilia, akakuta panya wanaipata kwa kula mende kwenye kiwanda cha sukari, akawalisha panya wengine mende wenye minyoo, nao wakavimba. Mwaka 1913 akatangaza: minyoo inaleta saratani. Akapewa tuzo ya Nobel ya 1926. Baadaye wengine wakaja kuona kwamba panya wale walikuwa na upungufu wa vitamini A, na vivimbe vingi havikuwa saratani hata kidogo. Yeye mwenyewe alikufa mwanzoni mwa 1928, hajayasikia. Mnyoo alikuwapo kweli, alimwona kwa macho yake. Kosa lake ni dada wa kosa langu: wote wawili tulimwona mdudu tukaacha kutazama.

Leo kuna Fusobacterium nucleatum, bakteria wa mdomoni, ambaye tangu 2012 anakutwa kwenye vivimbe vya utumbo mpana. Je, ndiye aliyewasha moto, au amekuja kuota moto uliowashwa na mwingine? Bado wanachunguza, na nyinyi mkiulizwa na mgonjwa semeni hivyohivyo.

Lakini msiruke upande wa kudharau pia. Miaka mingi waliambiwa tumboni kuna tindikali kali, bakteria haishi. Kule Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walijaribu kuotesha bakteria kutoka sampuli za wagonjwa zaidi ya 30 bila kupata kitu, maana sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 zikasahauliwa kwenye inkubeta siku kadhaa, na vijidudu vikaota. Mwaka 1984 Marshall akavinywa mwenyewe, akaumwa tumbo barabara. Nobel yao ikaja 2005. Nikiwaambieni msitupe sahani mapema mnadhani ni uzee. Hata hivyo karibu nusu ya watu duniani wanaye bakteria huyo, Helicobacter pylori, anayeweza kuleta saratani ya tumbo, na wengi wao hawataipata saratani ya tumbo abadani. Kipimo chanya hakijamtia mtu kaburini. Kinamtaka atibiwe na aangaliwe. Na kabla ya kupima choo kumtafuta bakteria huyo, muulizeni mgonjwa kama anatumia omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali: asimamishe wiki mbili, la sivyo mtaandika hasi ya uongo.

8. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, zote. Nyinyi mnaochoma watu sindano mchana kutwa mna dozi moja kisha mnaniambia mnaogopa mkono kuuma. Virusi hivyo vinaleta saratani ya ini. Nileteeni kadi Jumatatu.

Kuhusu yule mzee wa Jumanne. Alirudi, amenuna, makubadhi mkononi. Nikamkalisha kijana kwenye darubini, nikamwambia usinambie umeona nini, andika. Akahesabu upya: mayai 7, meusi 5. Nikamwambia sogeza slaidi, tazama kando ya mayai. Akanyamaza muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Maalim, hizi ni nini?" Nikamwambia si kazi yako kuzipa jina, kazi yako ni kusema zipo. Akaandika: seli zisizo za kawaida, viini vikubwa, tunaomba saitolojia na ultrasaundi ya kibofu. Daktari hakucheka. Mzee akabishana kidogo, nani atamlishia ng'ombe wake akenda Unguja, jirani akajitolea, na Alhamisi akapanda boti.

Kijana sasa ananiuliza kila asubuhi, hata helmeti hajaivua, kama majibu yamerudi. Bado, namwambia. Kavipange vikopo, saa nne inakaribia.